Nilivyomtania Mama Mkwe Kisarawe

Chekeni tu, maana hata mimi nikiikumbuka najichekea peke yangu, ila wallahi siku yenyewe nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kanzu yangu mpya.

Mimi nafanya kazi Kibaha, kwenye kituo cha utafiti wa mihogo. Nachora ramani ya vinasaba vya ule mti wa mpira, huo tunaochuma majani yake tukapika kisamvu (cha nazi, tafadhali, usiniletee cha maji na chumvi). Kwenye vinasaba kuna alama, na kazi yangu ni kujua ipi inaanza na ipi inafuata, sasa kuna mahali zimebanana mpaka takwimu zetu zenyewe haziwezi kukwambia ya mbele ni ipi. Basi hapo unamgeukia ndugu yake, muhogo, ambaye vinasaba vyake vilishasomwa mwanzo hadi mwisho, unaazima mpangilio wake, unasema ndugu hawaachani mbali. Na inakubali jamani, mara nyingi inakubali! Nami ilivyonikubali kazini nikajiona fundi wa koo zote duniani.

Wakati huo namchumbia Zena, binti wa Kisarawe. Posa ilishapokelewa, ikabaki siku ya kwenda mwenyewe kuonwa na wanawake wa nyumba, wakiridhika ndipo watoe tarehe ya ndoa, wasiporidhika basi nimeula wa chuya. Tukiwa Maili Moja tunanunua kanga za zawadi, mshenga wangu Mzee Shomari akaniambia, "Ngoja nimpigie Zena atuambie wanawake watakaaje, usije ukachanganya mambo." Nikamjibu kwa madaha ya msomi, "Usisumbuke mzee wangu, najua."

Najua nini? Nilishakwenda Visiga kwa mama mkubwa wa Zena, dada wa mama yake tumbo moja, nikawakuta wamekaa mkekani, bibi kizee wa nyumba mlangoni kabisa, kisha mama, kisha mashangazi. Nikasema hawa si ndugu? Kisarawe itakuwa vilevile.

Na mnajua mambo ya kwetu Pwani, bibi wa mchumba ni mtani wako, unamwita mke wangu anakuita mume wangu, mnasutana mnacheka. Lakini mama mkwe, salaleh! Mama mkwe hata macho humkazii.

Tukapiga hodi, tukakaribishwa. Wanawake wamejaa mkekani, wamejitanda kanga mpaka puani. Nikavua viatu, nikapiga goti mbele ya yule wa mlangoni, nikamwekea kanga mapajani, nikapaza sauti ili wote wafaidi, "Mke wangu! Zena geresha tu, niliyemfuata ni wewe. Funga virago twende Kibaha!"

Yule mama akavuta kanga akafunika na macho. Mimi nikaona anajiliza kama bibi harusi, nikaongeza (Mungu anisamehe, Zena alishaniambia bibi yake hana jino hata moja), "Oneni anavyoringa! Kibogoyo wewe, unamringia nani?"

Mzee Shomari akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha kifua. Zena akatokeza kichwa chumbani, macho yamemtoka, "Rajabu! Huyo mama yangu!"

Nikakurupuka kusimama, nikakanyaga kanzu, nikaenda chini mzimamzima, uso ndani ya sinia la visheti.

Ndipo nikasikia sauti kutoka mwisho wa mkeka, kule ukutani. "Mume wangu wee! Yaani nimehamia huku niegemeze mgongo, upepo wa mlangoni unaniumiza magoti, wewe ukaona uniolee mkwe wangu? Leo nataka talaka!" Nyumba nzima ikalipuka, vicheko na vigelegele, hata Mzee Shomari akajifuta machozi. Bibi hakuishia hapo. "Mleteeni kinu! Mwanamume wa wake wawili lazima ajue kutwanga."

Nikatwanga. Tena kisamvu cha mpira, mti wangu mwenyewe, visheti vimenigandia kwenye ndevu, wanawake wananiimbia, nami nikajikuta nacheka kuliko wao. Ila moyoni kulikuwa kunawaka moto, kwa sababu mama yake Zena alikuwa amenipa mgongo, na tarehe ilikuwa mkononi mwake.

Tulipomaliza kula, shangazi akaja na ujumbe. "Mama Zena anasema ndoa iwe Mfungo Mosi, Ramadhani ikiisha. Na anasema meno yake yote yapo."

Jumatatu nilipofika kazini kitu cha kwanza nilifungua ramani yangu, nikarudi kwenye takwimu za mpira wenyewe, na kumbe kuna kipande ambacho takwimu zenyewe zilikuwa na jibu lake, nami nilikipanga kwa kumfuata muhogo bila kuuliza, na kwa mpira kimegeuka, cha mwanzo kipo mwisho! Nikakirekebisha huku nacheka, wenzangu wakadhani nimechanganyikiwa. Kuazima mpangilio kwa ndugu sitaacha, lakini naapa, nitamuuliza kwanza mwenye nyumba.

Siku ya harusi mama mkwe alipita mbele yangu na wenzake. Nikainamisha kichwa kwa adabu zote. Akasimama, akateremsha kanga kidogo, akatabasamu. Yote yapo, nimeyaona.