Kiti cha Jeki kwenye Foleni ya Tunduma

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia na vyeti kwenye bahasha na shati lililopigwa pasi, na Fundi Mkuu akanipokea kwa kunipa kipande cha chuma. Gereji yake ilikuwa pembeni mwa barabara kuu, pale magari yanapoanza kujipanga kwenda mpaka wa Zambia. Aliniuliza kama chuoni walituonyesha kitu kama kile. Nilijibu hapana, kisha nikaanza kuwaza kama ingefaa nijibu ndiyo. Nilipomaliza kuwaza, alikuwa ameshaondoka.

Chuma kile tulikiita kiti cha jeki. Nawaeleza ninyi mnaotoka vyuoni sasa, maana huenda hamjakiona. Pikapu nyingi zina bomba la pembe nne lililofungwa nyuma kwenye chesisi, mahali pa kuchomeka ndoano ya kuvutia tela. Kiti kina mkia wa pembe nne unaoingia humo na kufungwa kwa pini. Sehemu inayobaki nje ina kikombe kwa chini, na kichwa cha jeki kinakaa humo bila kuteleza. Ukipiga jeki, nyuma yote inanyanyuka kwa pamoja, ekseli inaning'inia, springi zinalegea, na fundi anaingia chini. Kuanzia hapo uzima wake uko juu ya chuma hicho na akili za watu waliosimama.

Jambo hilo sikulizoea kamwe. Kila asubuhi nilikagua mahali mkia ulipochomelewa, nikapitisha ukucha kwenye kila mshono nikitafuta ufa. Mwenzangu wa kazi, Simkonda, Mnamwanga wa palepale mjini, alikuwa akilala chini ya gari kama mtu aliyeko kitandani kwake. Mimi nilibaki juu kwenye jeki, yeye chini kwenye nati. Akiniona nimeinama juu ya kiti alisema, "Msomi, ukimaliza kukiombea hicho chuma unistue."

Serikali ilikuwa imefungua biashara, na pikapu zilizotumika zilimiminika kutoka nje kuliko tulivyoweza kuzitengeneza. Fundi Mkuu alitutuma kila mahali. Kamsamba, msimu wa mpunga, tulinyanyua gari la mfugaji kwenye tope jeusi lililomeza jeki mpaka tukatandika ubao. Jasho liliniingia machoni, nikaogopa kulifuta nisije nikaachia mpini. Saza, kwenye machimbo, tulinyanyua pikapu zilizobeba mawe ya dhahabu, na msimamizi wa huko aliponikuta nakagua kiti kwa mara nyingine aliuliza kama nimetumwa kutengeneza magari au kuyachunguza. Kote huko kiti kilishika, na Simkonda alitoka chini mzima. Wengine wangepata imani. Mimi kila alipotoka niliona tumeponea chupuchupu.

Tuliporudi Tunduma, kazi ilihamia kwenye foleni yenyewe. Mteja aliyekatikiwa springi akiwa kwenye mstari hakukubali kutoka, kwa kuwa akitoka anaanza upya nyuma. Niliwahi kumwomba Fundi Mkuu tuyaondoe magari hayo kwanza, tuyalete gereji kwenye sakafu ya saruji na stendi za kuyaegemeza.

"Gari la mteja halitoki kwenye foleni," alisema. "Sisi ndio tunalifuata. Weka mawe, fanya kazi."

Mawe ndiyo yalikuwa kanuni yake, na ilikuwa kanuni sahihi. Gari likinyanyuliwa kwa kiti, magurudumu ya nyuma yote mawili yako hewani, na hendibreki na gia hushika magurudumu hayohayo. Maana yake hakuna kinachoshika. Barabara pale inateremka kidogo kuelekea mpakani, kwa hiyo tuliweka jiwe mbele ya kila gurudumu la mbele. Hata mimi mwenye wasiwasi sikuona kasoro.

Ila foleni nayo ilikuwa na desturi yake, na sote tuliijua. Dereva akitaka kwenda kula au kubadilisha fedha za kwacha, anaacha gari kwenye frii, bila gia, na jiwe mbele ya gurudumu. Mstari ukisogea, wenzake wanaondoa jiwe, wanalisukuma gari lake hatua zinazotakiwa, wanarudisha jiwe. Hakuna anayeombwa wala kulipwa. Watanzania na Wazambia walifanyiana hivyo, na nilipofika mara ya kwanza nilidhani huo ndio uzuri wa mji ule.

Siku moja pikapu ya mteja ilikuwa juu ya kiti, magurudumu yameachana na lami kidogo tu. Mwenye gari alikuwa kwa mama lishe. Lori la nyuma lilikuwa limesogea mno, likaificha jeki. Simkonda alikuwa chini, miguu yake upande wa mtaro, akanituma gereji nikalete nati iliyopotea. Nikiwa narudi, mstari ulisogea.

Madereva wa foleni walisimama upande wa barabarani, wasikoweza kuiona miguu ya Simkonda, wakashika nguzo za milango, mmoja akaingiza mkono dirishani kushika usukani. Waliondoa mawe kama walivyoyaondoa maelfu ya mara. Nilipiga kelele, na wao wakadhani nawahimiza. Jeki ililala, gurudumu la nyuma likashuka likienda mbele, likaupanda mkono wa kulia wa Simkonda kuanzia kiganja hadi juu ya kiwiko.

Dereva mmoja wa Kizambia alikaa chini kwenye lami akilia. Alirudia neno moja tu, kwa heshima ya lugha ya kwao: "Ba fundi, tulikuwa tunamsaidia mwenzetu."

Kiti hakikuwa na ufa. Nilikikagua.

Mkono ulikatwa. Nilimwendea Fundi Mkuu na wazo la vigingi vya mbao vilivyopakwa rangi nyekundu, ili watu watofautishe jiwe la dereva aliyekwenda kula na kizuizi cha fundi aliye chini. Alikubali, hata rangi alinunua mwenyewe. Vigingi havikumaliza wiki. Madereva waliokesha kwenye mstari walivifanya kuni wakapikia ugali. Tulichonga vingine, navyo vikawa kuni. Kisha Fundi Mkuu akasema bila hasira, "Rudisha mawe. Na sasa anayeingia chini ni wewe."

Nilivua ovaroli siku hiyohiyo. Nilistaafu kabla ya kufika miaka thelathini, na sijafanya kazi ya ufundi tena. Mkiniuliza tungefanya nini tofauti, hilo nimeliwaza miaka yote hii. Tungewaambia watu wasisaidiane? Nikipita pale bado naona miguu imetokeza chini ya pikapu, na mawe mbele.

Kabla sijaondoka mjini nilikwenda kumuaga Simkonda. Mke wake alikuwa akimlisha wali kwa kijiko, maana mkono wa kushoto ulikuwa haujajifunza. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama. Yeye aliuliza kama lile gari lilivuka mpaka.

Nikamwambia lilivuka jioni ileile. Mwenye gari alirudi kutoka kula akakuta nafasi yake ipo.

Simkonda alitafuna, akameza. "Afadhali," akasema, akafungua mdomo kupokea kijiko kingine.