Mizani Iliyovalishwa Kitambaa

Habari ya kifo chake ilinikuta dukani nikiwa na sambusa mkononi, ya tatu asubuhi hiyo, na hakuna ambaye angecheka zaidi kwa kulisikia hilo kuliko marehemu mwenyewe. Mume wake alipiga simu, akasema taratibu, "Ndugu yangu, mama ametutoka alfajiri." Nikasema inna lillahi, nikaketi juu ya gunia la mchele. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnalijua duka letu la nafaka pale mtaani Asiatique, maana nimelisimulia hadi mmechoka. Huyu bibi sijapata kumsimulia hata mara moja. Alikuwa mtafiti wa lishe na afya ya watoto, mzaliwa wa mtaa wa Ngagara, mnene wa haki, na kicheko chake kilikuwa kinaingia mlangoni kabla yake. Watoto wa shule walimwita Mama Mizani. Nilinyamaza kwa sababu kisa chetu kinaanza na aibu yangu, na sisi wenye safu magazetini hupenda zaidi kusimulia aibu za wengine.

Alikuja shuleni kwa watoto wetu kuchunguza kwa nini watoto wa mjini wananenepa mapema na kuchoka upesi: wanakula nini, wanacheza wapi, wanalala saa ngapi, wana raha au hawana. Wazazi tuliitwa tushuhudie. Sasa, katika mji huu mizani ya watoto tuliijua kwa jambo moja tu, nalo ni njaa. Miaka ya vita mtoto alipimwa ili ijulikane kama amekonda kiasi cha kupewa unga wa uji. Tuliposikia kwamba safari hii wanatafutwa wanene, tukaelewa tulivyoelewa: mashindano! Akina mama wakawavisha watoto nguo za Idi. Mama yangu, Mungu amrehemu, alimnywesha binti yangu wa miaka tisa vikombe viwili vya maziwa, akamwongezea chapati, akaja naye amemshika mkono kama anampeleka harusini. Mtoto akapanda juu ya mizani. Nami, ambaye baba alinifundisha tangu udogo kwamba mizani husomwa kwa sauti ili mnunuzi asidhani anaibiwa, nikainama nikasoma. Kilo na gramu, kwa sauti ile ile ya dukani, uwanja mzima ukasikia. Mama akapiga kigelegele. "Hakuna mutoto wa kumufikia huyu! Sasa kado yake iko wapi?" akamuuliza mtafiti, akidai zawadi ya mshindi.

Watoto wenzake walicheka, na hawakucheka pamoja nasi. Kufika saa ya mapumziko binti yangu alikuwa na jina jipya, Kamyo, yaani lori. Mtoto huyu alikuwa hodari wa kuruka kamba, hodari kweli, wasichana wakubwa walikuwa wakigombania kuwa upande wake. Siku hiyo aliikunja kamba yake akaiweka kabatini. Wiki ikapita, na nyingine, kila alasiri yuko nyuma ya kaunta na pakiti ya biskuti, anatazama barabara. "Mi siruki tena, Papa," aliniambia, basi. Nilichemka kwa hasira. Nilimlaani mtafiti mbele ya wateja, nikasema ametuharibia mtoto, na huku moyoni nilijua vizuri kabisa nani aliyesoma ile mizani.

Mtafiti alipopata habari, alikuja nyumbani kwa miguu, jua kali. Mama yangu alimpokea mlangoni na mikono kiunoni. "Umekuja kutuambia tumunyime mutoto chakula? Mi nimekimbia vita na watoto wangu mifupa mitupu, we unajua?"

"Apana, Mama," akajibu. "Na mi nilikimbia. Uliishinda njaa, Mungu akulipe. Huyu sasa tumuache akimbie kwa kucheza tu."

Kisha akavua viatu, akatoa kamba kwenye mkoba, akaanza kuruka pale uani, katikati ya vyumba vyetu vya wapangaji na pikapu yangu. Mruko wa kwanza, wa pili, wa tatu akanaswa, akakaa chini puu! Yeye akacheka mpaka machozi. Ndipo ikasikika sauti dirishani, "Unashika kamba vibaya!" na binti yangu akatoka, ameinua kidevu, kumfundisha mtu mzima jinsi ya kuruka. Nilijifanya natafuta funguo, maana machozi yalikuwa yananitoka.

Alipokuja shuleni muhula uliofuata, mizani ilikuwa imevalishwa kitambaa cha kitenge usoni. Yeye peke yake aliinama chini ya kile kitambaa, akatazama, akaandika, kisha akamnong'oneza mtoto sikioni. Kila mtoto alishuka anatabasamu. Sisi wazazi tuliumia kwa hamu! Nilimbembeleza binti yangu aniambie ni kilo ngapi. "Siri," akasema.

Tangu hapo alikuwa akipita dukani, na kila akipita alinisema. Jumapili asubuhi, aliniambia, watu wazima munajaza barabara na vilabu vyenu vya mbio, munakimbia munaimba, halafu munakwenda kula brosheti za nyama, na watoto mumewafungia ndani na simu. Viwanja mumejenga vyumba, nyua mumeegesha magari, kisha munawapa biskuti wanyamaze. Nilijitetea kwamba hata yeye anakula sambusa zangu. "Sambusa haina kosa," akasema akichukua moja. "Kosa ni ile ya kumi, na mutu ameketi tu." Pikapu niliihamisha. Baada ya sala ya alasiri ua wetu ukawa wa watoto, na majirani wawili wakaiga, mmoja kwa kununa.

Matanga yalikuwa kwake, mtaani Mutanga Nord. Tuliketi chini ya turubai, na kwenye kichochoro wasichana walikuwa wanaruka kamba na kuhesabu kwa kelele. Mzee mmoja akainuka kuwafukuza. "Waache," mume wa marehemu akasema. "Ile ndiyo kazi yake." Binti yangu, ambaye sasa ni mama wa mtoto, alikuwa ameniletea chai. Nikaona hapa siri haina maana tena, nikamuuliza siku zile alikuwa akinong'onezewa kilo ngapi.

"Kilo?" Akanishangaa. "Papa, hajawahi kunitajia kilo hata siku moja. Alikuwa ananiuliza, jana umecheza nini?"

Nimesoma mizani kwa sauti maisha yangu yote, na swali hilo sikuwahi kumuuliza mtoto yeyote, hata wangu. Tunauliza wamekula nini, wamepata alama ngapi, wameongezeka kiasi gani. Yeye alipima kila kitu, kwa sababu ndiyo utafiti, lakini alijua kipi cha kuandika daftarini na kipi cha kumwambia mtoto. Jioni ile niliporudi nilimketisha mjukuu wangu mezani, nikamuuliza, jana umecheza nini? Alinitazama kuona kama natania. Kisha akaanza kueleza, akasimama, akaruka kutuonyesha, na hakumaliza mpaka chakula kikapoa.