Jino Letu

Kila Jumanne napeleka unga wa ngano Moshono, kwa masista wa ndani, wale wasiotoka hata kwenda sokoni. Wanaoka hostia, ile mikate myembamba ya komunyo. Sista wa mlangoni sijawahi kumwona uso. Namjua kwa sauti, na kwa vidole vyenye makovu ya chuma cha kuokea, vikizungusha kabati la mbao lililojengwa ukutani: unga unaingia, mifuko mitupu inatoka, imekunjwa kama vitambaa vya altare. Kwao hakuna cha mtu; kanuni yao inakataza hata kusema "changu". Ni ndala zetu, mswaki wetu. Mimi niliyeacha diploma nusu mwanzoni nilidhani ni sarufi tu imemshinda. "Leo jino letu linauma," aliwahi kuniambia. Nikamuuliza, "Sista, mko wangapi kwenye hilo jino?" Akacheka mpaka kabati likatikisika. Nikamwahidi soda siku atakayoteleza akasema "langu".

Jumanne iliyopita nilimkuta kaka yake, ametoka Rombo, kofia mkononi, anaongea na mbao. "Dada, mama ametutoka. Tunazika Jumamosi. Watakuruhusu?"

Vidole vikashika ukingo wa kabati.

"Kanuni yetu hairuhusu, kaka. Tutamwombea." Halafu sauti ikapasuka: "Mama yangu!"

Kengele ya sala ikalia. Akavuta pumzi. "Samahani, kaka. Mama yetu."

Kaka akaitikia kwa kichwa, maana kweli alikuwa mama yao, hakujua alichosikia. Mimi nilijua, na ile soda niliyomwahidi sikuitaja.