Miti Iliyokunywa Chemchemi Yetu

Nilipoolewa hapa Kibirichia, chini ya shamba la viazi kulikuwa na chemchemi. Ndogo tu, ya kufika kifundo cha mguu, lakini baridi yake iliuma hadi mifupani. Baba mkwe akaizungushia mikaratusi. Alichagua pale kwa sababu udongo ulikuwa na maji na miti ingekua haraka, iuzwe nguzo, mjukuu asome. Nilikuwa na mimba ya huyo mjukuu. Mimi ndiye niliyemshikia miche, na hilo sijawahi kujisamehe.

Kwa sababu nilikuwa nimesoma. Kule shuleni Kaaga mwalimu wa jiografia alituchorea duara ubaoni: bahari, wingu, mlima, mto, bahari tena. Pembeni aliweka mti, na kamshale kadogo kakipanda angani kutoka kwenye majani. Nilinakili kila mshale, nikapata alama zote. Maji ya dunia hayapotei, alituambia. Sawa. Hakutuambia kwamba yanaweza kukuruka kichwa yakaenda kunyeshea watu wengine.

Mzee alikufa miti ikiwa inanifika kifuani. Ikarefuka. Chemchemi ikawa ya kuchota kwa kikombe, halafu tope, halafu ufa. Kilichobaki ni sauti. Upepo wa mchana ukipita kwenye yale majani, nilisikia maji yakitiririka, mlio ule ule niliousikia nikiwa bibi harusi. Mara ngapi nimetoka jikoni mbio na beseni nikijua ni mvua? Nje jua kali, beseni tupu. Siku moja binti yangu alibandika sikio kwenye gome akaniambia, "Mama, maji yetu iko humu ndani. Inapanda."

Alikuwa na miaka saba. Na alikuwa amesema kweli.

Maji tukawa tunayafuata mtoni, chini kabisa bondeni. Nilimwambia mama mkwe tuikate ile miti. Akasema mumewe aliipanda akiwa tayari mgonjwa, na kwamba pale ndipo huenda kumwongelesha. Nikamwambia basi huyo mzee wake anakunywa sana. Yalikuwa maneno mabaya, najua. Wiki nzima hatukusalimiana, na kanisani kila mtu alikalia benchi lake.

Kisha binti yangu akateleza kwenye mteremko wa mtoni, mtungi mgongoni. Meno mawili ya mbele, yale mapya, yakavunjika. Nyanya yake alitaka kumwosha damu, akainamisha kila mtungi uliokuwa jikoni. Kikatoka kikombe kimoja, na uchafu chini yake. Alimsafisha mdomo polepole mpaka kikaisha, ndipo akanitazama.

"Kata," alisema. "Yote. Na usiniulize tena."

Mwenye msumeno wa injini alimaliza kwa siku mbili. Visiki vilitoka maji hadi jioni. Nilivigusa, baridi ilikuwa ile ile. Nikadhani yamekwisha, lakini mkaratusi haufi kwa kukatwa. Baada ya wiki chache kila kisiki kilichipua vijiti vya kijivu, vingi kuliko miti yenyewe. Nikawa nashuka na panga kila asubuhi. Na ile sauti haikuondoka. Hakuna jani, hakuna upepo, nami nasikia maji yakitembea.

Juzi nilishuka nikamkuta mama mkwe ameshafika. Alikuwa amechuchumaa kando ya kisiki kikubwa, anavunja machipukizi moja moja kwa mkono, pale pote pananuka kama dawa ya kifua. Alikuwa akiongea chini chini, vile mtu anavyombembeleza mtoto.

"Lala sasa, mzee. Umekunywa ya kutosha. Lala."

Nilipiga magoti, nikatia vidole ndani ya ule ufa wa chemchemi. Vilitoka na unyevu. Maji ya kuchota hayakuwepo. Nikaweka panga chini, nikaanza kisiki cha pili kwa mikono.