Zawadi Ndani ya Injini ya Yu Sarmi

Pak Ngadimin, yaani Bwana Ngadimin, hakuwa fundi wa kubahatisha, na kama hamniamini muulizeni mwenyewe. Atawajibu mpaka chai ipoe. Pale kijijini kwake, milimani juu ya mji wa Magelang, pikipiki ilipita barabarani, naye, bila kuinua macho kwenye sahani yake, akasema, "Vali ya huyo inagonga." Na kweli inagonga! Kasoro yake moja tu: hakuweza kuiona injini ya mtu akaiacha ilivyo. Mikono ilimwasha.

Katikati ya Ramadhani, Yu Sarmi, yaani dada Sarmi, mjane muuza mboga, alimletea pikipiki yake kuukuu. Abadilishiwe oili, asafishiwe kabureta, akaziwe cheni, basi. Pikipiki ile ilibeba matenga mawili ya kabichi na karoti, vifuko vya pilipili vikining'inia kama hereni za bibi harusi, na kazi yake ilikuwa kujikokota mlango hadi mlango asubuhi nzima.

Ngadimin alijiambia anamwonea huruma. Huruma gani! Alitaka kijiji kizima kisikie kazi yake. Akapanua silinda, akatia pistoni kubwa, kemshafti ya mashindano na ekzosi ya kujigamba. Hakumuuliza mwenyewe. Zawadi ya Idi, alisema moyoni.

"Pak, mbona inanguruma hivi?" Yu Sarmi aliuliza alipokuja kuichukua.

"Nimeizibua kifua, Yu. Sasa mlima utaupanda ukiimba."

"Mimi nauza mchicha, sikimbizwi na polisi!"

Wakacheka wote wawili.

Lakini injini ya mbio inataka mwendo na upepo wa kuipoza. Hii ilisimama kila geti, ikichemka palepale huku kina mama wakibishania bei ya vitunguu. Juma halijaisha, ikanoki, injini ikakwama kabisa, kwenye mlima wa makaburini. Gurudumu la nyuma likagoma ghafla, Yu Sarmi akaenda chini pamoja na kabichi zake, mkono ukavunjika.

Ngadimin alipoifungua, pistoni ilikuwa imeng'ang'ania silinda, imechubuka ubavu mzima. Yu Sarmi akaja gereji, mkono umefungwa shingoni.

"Ni mimi, Pak, eti? Sikuangalia oili."

Oili ilikuwa tele. Ngadimin akafuta mikono kwa tambara, akaifuta tena.

"Injini kuukuu hizi, Yu," alisema. Mwongo mkubwa! Kuanzia siku ile pikipiki zikipita hakusema tena kinachogonga.

Idi ikafika. Kule watu huzunguka nyumba kwa nyumba kuombana msamaha, na Ngadimin alikwisha piga hesabu zake: kosa lake angelichomeka humo humo kwenye msamaha wa wote, lipite bila kujulikana. Akavaa kofia, akaenda kwa Yu Sarmi, akaketi mkekani.

"Yu, unisamehe makosa yangu yote, ya wazi na ya siri."

"Nimesamehe, Pak. Nawe unisamehe, hasa ile injini. Umenitengenezea vizuri, nikaiua. Kesho anakuja mtu wa vyuma chakavu, aichukue. Mkono ukipona nitakwenda mjini kufulia watu nguo. Mimi na mashine hatuwezani. Kula kuku, mbona huli?"

Ngadimin akaweka sahani chini.

"Oili ilikuwa imejaa, Yu."

"Eh?"

"Imejaa kabisa. Injini nimeiua mimi. Niliigeuza ya mashindano bila kukuuliza. Ukajilaumu, nikakuacha ujilaumu."

Yu Sarmi alimtazama, kisha akautazama mkono wake.

"Ule msamaha wa sasa hivi," alisema, "naurudisha kwangu."

"Yu..."

"Nyamaza. Unaweza kuirudisha ilivyokuwa? Polepole, bila kelele?"

"Naweza."

"Basi chuma chakavu hakitauzwa. Na mpaka nipone, wateja wangu ni wako. Wanaamka mapema."

Ndivyo fundi mkubwa alivyoonekana akisukuma toroli la kabichi kijijini. "Pak Ngadimin!" kina mama, waliokwisha kusikia kisa chote, walimpigia kelele getini. "Hizi karoti nazo umezizibua kifua?" Aliinamisha kichwa, akapima pilipili.

Kila adhuhuri alipeleka matenga matupu kwa Yu Sarmi, akasimama mlangoni, akingoja neno la msamaha.

"Weka hapo," alisema Yu Sarmi.

Akaweka, akaondoka.