Kidole Ndani ya Togwa

Mwanangu, ile sikukuu ya mavuno pale Ihanda naikumbuka kana kwamba mwiko bado ninao mkononi. Nilikuwa bi harusi mpya, nimetoka kwetu Ibaba, nikakabidhiwa kupika togwa, ule uji mtamu wa kunywa, ya watu wote watakaotoka kanisani. Ilikuwa wakati wa vita vya pili vya Wajerumani, sukari ya duka haionekani. Pombe sisi watu wa misheni hatukunywa. Togwa ikiharibika, bi harusi hurudishwa kwao akafundwe upya, na mama yake huonekana hakumlea.

Nilikuwa nimeloweka ulezi, nikauotesha, nikauanika, nikausaga. Hicho ndicho kimea. Uji wa mahindi nikaupika mzito hata mwiko ukasimama wenyewe. Nikaepua, nikakaa kando kungoja.

Dada wa mume wangu akaja mbio. "Wifi, watu wanatoka kanisani! Mwaga kimea sasa hivi!"

"Bado wa moto, wifi. Kimea kitakufa."

"Unga nao unakufa? Haya, mama akikurudisha Ibaba usinililie."

Niliogopa, sikufichi. Lakini mama alinifundisha kuchovya kidole: kikistahimili kukaa, ndipo utie. Nikachovya, nikachomoa upesi. Wageni wakajaa kwenye mikeka. Mama mkwe akasimama mlangoni, mikono kiunoni. Nikachovya tena, na safari hii kidole kikakaa. Nikatia kimea, nikakoroga.

Mwiko ukaanza kuwa mwepesi! Uji ule mzito kama udongo wa kufinyangia ukalegea, ukawa wa kunywa, na sikuongeza hata tone la maji. Mama mkwe akachota, akaonja, akafumba macho.

"Sukari umeipata wapi?"

"Sikutia, mama. Ilikuwemo."

Akapiga kigelegele hata wazee wa kanisa wakageuka! Wifi naye akaja na kata yake mara ya pili, hanitazami usoni. Siku hiyo nilijiona mkubwa kuliko chifu.

Miaka mingi baadaye kaka yako mwalimu alinieleza. Mahindi yakiwa shambani hutengeneza sukari kwenye majani kwa nguvu ya jua, kisha huiunganisha kama shanga kwenye uzi, ikawa wanga, akiba ya mbegu. Ikiwa imeungwa hivyo, ulimi hauonji utamu. Ulezi unapoota hutoa kitu cha kukata uzi huo, maana mche mchanga nao unataka kula. Moto mkali hukiua kitu hicho. Nikamwambia, bibi yako wa Ibaba alilijua hilo kwa kidole.

Basi mwanangu, kazi unayoijua usiharakishwe na kelele za mlangoni. Na mtu mgumu usimchome kwa maneno ya moto. Utamu umo ndani yake, ngoja joto linalostahimilika, kisha umkoroge taratibu.

Mungu akupe mkono mtulivu, na siku ya chungu chako, kigelegele kisikike hadi kwetu Ibaba.