Gari Lililoingia Ukweni Kimya

Mdogo wangu alitaka kuoa, na baba wa binti alikwisha kusema kwamba hampi mwanawe mtu anayechomeka magari ukutani. Naanzia hapo, maana mambo mengine ya kampuni yetu ningeweza kuyasahau.

Kampuni, ndiyo. Usicheke. Mwaka 2013 tulikuwa wawili pale Kasulu, mimi na yeye, kwenye banda la mabati nyuma ya wauza mbao. Tulikuwa tunachukua yale magari ya Kijapani yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja, tunaongeza betri kubwa kwenye buti, tunatoboa tundu kwenye bampa ya nyuma, basi gari linachajiwa kwa waya kama simu. Likishiba, linakwenda kitambo kizuri bila kugusa petroli. Yeye alikuwa fundi. Mimi nilikuwa mdomo wa kampuni, kazi niliyozaliwa nayo. Watu wakipita mlangoni wanatuuliza kama gari letu linaingia vocha. Umeme wenyewe wa mji ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, ukikatika tunakaa tunatazamana. Tulikuwa tumemaliza gari moja tu, na lilikuwa la kwetu wenyewe.

Tukaamua kwenda Kibondo kuposa kwa gari hilohilo, mzee alione. Mshenga wetu alikuwa baba mdogo, mtu wa maneno mazuri na subira fupi. Kwa desturi muoaji haendi posa, lakini nani mwingine angeliendesha? Tukakubaliana aende kama dereva, akae kimya. Njia nzima tulitumia petroli na kula vumbi, kwa sababu mdogo wangu alikuwa anaibania chaji yake kama bibi anavyobania sukari. Tulipofika kwenye migomba ya ukweni akabonyeza kitufe, injini ikazima, gari likaendelea.

"Piga honi," nikamwambia. Kwetu posa inasikika tangu kilimani. Honi inalia, akina mama wa kule wanajibu kwa vigelegele, ndiyo heshima yenyewe.

"Dada, subiri. Nataka washangae."

Hee! Washangae nini, na hakuna aliyetusikia? Tukateleza mpaka chini ya dirisha la sebule, na dirisha lilikuwa wazi.

"Nitawasumbua kwanza," sauti ya mzee ilikuwa inasema. "Nitawaambia hilo si gari, ni pasi. Wasidhani binti yangu amekosa watu."

"Na kijana mwenyewe?" mkewe akauliza.

"Kijana nimempenda. Alinitengenezea redio, akakataa hata soda. Ila usimwambie mtu."

Mdogo wangu akaushika usukani kwa mikono miwili, machozi yanamlengalenga. Jitu zima! Nikamfinya arudi nyuma upesi. Tukatoka kinyumenyume mpaka barabarani, akawasha injini, tukaja upya na honi kama harusi ya tajiri. Vigelegele vikapigwa. Tukapiga magoti na makofi ya salamu kama tulivyofunzwa, tukaketi wapole kama hatujui kitu.

Mzee alikunja uso vizuri sana, nikamhurumia kwa kazi aliyokuwa anaifanya. Akaanzia mbali, kwenye mvua, akaja kwenye bei ya mbolea, akazunguka, akazunguka. Subira ya baba mdogo ikakatika.

"Mzee wetu," akasema, "lawama zote tunapokea, lakini gari hili si pasi."

Mzee akasahau kukunja uso.

"Nani kataja pasi?" mzee akauliza.

Baba mdogo akatazama dari. Kule mlangoni mama mwenye nyumba akajiziba mdomo kwa khanga, mabega yanatikisika. Na yule dereva wetu wa kukaa kimya akasimama, akasema yote: dirisha, pasi, redio, mpaka soda. Jamani! Nilijua tumekwisha. Mtu anayenyemelea dirisha la wakwe, kwetu hapewi hata maji.

Mzee akatoka nje, nasi tukamfuata. Akalizunguka gari, akainama kwenye bampa, akaligusa lile tundu kwa kidole.

"Liendeshe. Hivyohivyo, kimya."

Mdogo wangu akalipeleka mpaka migombani na kulirudisha. Kuku waliendelea kudonoa. Mzee akaanza kucheka, kwanza puani.

"Madalali wangu wa maharage kule Kasanda," akasema, "wakisikia gari langu mlima wa pili, wanaondoa mawe waliyoongezea uzito kwenye magunia. Miaka yote nawakuta watakatifu. Nitafutieni kama hili, mlichezee hivihivi."

"Na binti?" baba mdogo akauliza, safari hii kwa adabu.

Mzee akaacha kucheka. Akamtazama mdogo wangu, na macho yake yakalowa.

"Binti nimetoa. Ila siku ya kuja kumchukua, pigeni honi tangu Kasulu. Wa kunyemelewa ni madalali. Mwanangu nataka mji mzima usikie anaondoka."